Kuosha vyombo kwa sabuni ya mche badala ya sabuni ya chupa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayetaka kupunguza plastiki nyumbani huanza na mifuko, kisha macho yake hutua pembeni mwa karo: chupa ya sabuni ya maji, na nyingine inayosubiri kabatini. Haya ndiyo maswali ambayo watu huyarudia wanapofikiria kuachana nazo. Kama una muda wa kusoma majibu mawili tu, soma la namna ya kuosha na la kipande kinachogeuka uji. Wengi wanaorudia chupa hukwama kwenye mambo hayo mawili.

## Mambo ya msingi

Sabuni ngumu ya kuoshea vyombo ni ipi hasa?

Ni sabuni iliyo katika kipande, iwe ya mche au ya duara, ambayo unaisugua kwa brashi, dodoki au kitambaa kilicholowa ndipo uoshee vyombo. Ziko za namna mbili.

Ya kwanza ni sabuni halisi: mafuta ya mimea au shahamu iliyochanganywa na kostiki soda (alkali kali) hadi vikageuka sabuni na glisirini. Kwa karne nyingi watu wameoshea vyombo, nguo na miili yao kwa sabuni hii. Ya pili, kikemia, si sabuni. Ni visafishi vya kiwandani, ndugu wa vile vinavyotiwa kwenye sabuni za maji, vilivyoshindiliwa vikawa kipande. Visafishi vya jamii hii vilianza kutengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mafuta ya kutengenezea sabuni yalipoadimika.

Zote mbili husafisha kwa njia moja. Kila chembe ina ncha inayoshika maji na ncha inayoshika mafuta, kwa hiyo ukisuuza, mafuta huondoka pamoja na maji. Tofauti yao utaiona kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi, na kwenye ngozi ya mikono, na tutaifikia.

Kipande cha sabuni kinapunguzaje plastiki?

Itazame chupa ya sabuni ya maji. Sehemu kubwa ya kilichomo ni maji. Yamepimwa kiwandani, yakafungwa, yakapakiwa garini na kusafirishwa hadi kwenye jiko ambalo tayari lina maji yake. Na kwa kuwa ni kimiminika, lazima kipate chombo kisichovuja: chupa, kifuniko au pampu, na mara nyingi lebo ya plastiki juu yake. Maji hayo hayo ndiyo yanayolazimisha vihifadhi, maana penye maji vijidudu hustawi.

Toa maji, na chupa haina kazi tena. Kitu kikavu kinatosha kufungwa karatasi.

Ukitaka kujua nyumba yako inatumia chupa ngapi, usikisie. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati na upige mstari kila unapofungua chupa mpya. Baada ya miezi mitatu utakuwa na hesabu yako mwenyewe. Kweli, vifungashio vya chakula hujaza pipa la taka kuliko chupa za sabuni. Lakini kuachana na chupa hii hakukudai ubadilishe unachokula, unakonunua wala ratiba yako, na ukishazoea hakuna cha kukumbuka.

Si chupa zinachakatwa upya?

Baadhi, ndiyo. Chupa zenye alama ya 1 au 2 kwenye kitako (namba ya aina ya plastiki) ndizo zinazopokelewa kwa wingi zaidi na wachakataji, na chupa nyingi za sabuni zimo humo. Tatizo ni pampu. Ndani yake mna plastiki za aina tofauti na mara nyingi springi ya chuma, na kuvitenganisha ni kazi ambayo wachache huifanya.

Picha kubwa inasikitisha. Mwaka 2017 watafiti walichapisha makadirio kwamba hadi 2015 dunia ilikuwa imezalisha tani bilioni 8.3 za plastiki. Katika plastiki yote iliyokuwa imeshakuwa taka, asilimia 9 tu ndiyo iliyochakatwa upya, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilibaki madampo au kuzagaa katika mazingira. Iliyozagaa haiozi kama ganda la tunda. Hukatikakatika kuwa vipande visivyoonekana kwa urahisi na kuendelea kuwepo. Ndiyo maana nasisitiza chupa ambayo haikununuliwa kabisa kuliko chupa iliyotupwa kwenye pipa sahihi.

Bado nina chupa mbili za sabuni ya maji. Nizitupe nianze upya?

Usitupe. Plastiki hiyo imeshatengenezwa, na kuimwaga sabuni nzima ni hasara juu ya hasara. Itumie mpaka iishe, na chupa ya mwisho uibakishe: itakufaa kuwekea siki ya kusuuzia (tazama swali la ukungu mweupe). Wakati huo nunua kipande kimoja, kiondoe kwenye karatasi na ukiache mahali penye hewa. Sabuni halisi huzidi kuwa ngumu kadiri inavyokauka, na kipande kigumu hakiishi upesi.

## Kuchagua sabuni

Siwezi kutumia tu sabuni ya kuogea?

Kwa dharura, sawa. Kwa kila siku, hapana. Sabuni nzuri ya kuogea huachiwa makusudi mafuta kidogo ambayo hayakugeuka sabuni, ili isikaushe ngozi. Mafuta hayo, pamoja na losheni na manukato yake, hubaki kama utando kwenye sahani. Sabuni ya vyombo hutengenezwa kwa kupunguza ziada hiyo mpaka karibu na sifuri.

Na ya kufulia?

Soma viambato. Mche wa kufulia uliotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda peke yake huosha vyombo vizuri tu. Ukiona imeandikwa ina king'arishi cha nguo, rangi au harufu kali, iache kwenye beseni la nguo. Ving'arishi vimekusudiwa kubaki kwenye kitambaa, na hakuna sababu ya kuvibakisha kwenye sahani unayolia.

Nitafute nini kwenye lebo?

Orodha fupi. Kwenye sabuni halisi utakuta majina yanayoanza na "sodium" yakifuatiwa na jina la mafuta: "cocoate" ni nazi, "olivate" ni zeituni, "palmate" ni mawese, "tallowate" ni shahamu ya mnyama. Kwa vyombo, ipende yenye nazi nyingi. Mafuta ya nazi hutoa sabuni ngumu, yenye povu jepesi na nguvu ya kukata mafuta, na hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Hiyo nguvu inayokausha ngozi unapoogea ndiyo unayoitaka kwenye sufuria.

Ukiona "sodium cocoyl isethionate" au "sodium coco-sulfate" mwanzoni mwa orodha, hicho ni kipande cha aina ya pili. Hakina ubaya. Kwenye maji magumu kinaweza hata kuwa chaguo bora.

Mawese je? Nimesikia yanaharibu misitu.

Kilimo cha michikichi kimekata misitu mikubwa, hasa Indonesia na Malaysia, kwa hiyo wasiwasi huo una msingi. Ila kurudi kwenye chupa si dawa yake, kwa sababu visafishi vingi vya sabuni za maji hutokana na mafuta ya kokwa za mchikichi au ya nazi. Ukitaka kuyakwepa, chagua kipande cha nazi au zeituni, au kinachoonyesha mawese yalitoka wapi.

Karatasi iliyofunga sabuni inang'aa. Ni karatasi kweli?

Ichane. Karatasi tupu hukatika na kuacha kingo zenye manyoyamanyoya. Ukiona utando mwembamba unavutika kwenye mchano, umepakwa plastiki.

## Kuosha

Naoshaje? Nimezoea kukamua tone kwenye sponji.

Badala ya sabuni kuja kwenye sponji, brashi inaifuata sabuni.

Kwanza pangusa vyombo. Mabaki ya chakula na mafuta yaliyoganda yatoe kwa karatasi iliyotumika au kwa mwiko, yaende kwenye taka na si kwenye bomba. Lowesha brashi kwa maji ya uvuguvugu, ikung'ute mara moja, kisha izungushe juu ya kipande mara nne au tano. Usiishindilie. Utaona povu zito, jeupe, linashika kwenye nyuzi bila kudondoka. Hilo linatosha vikombe vitatu vinne au sahani mbili. Likianza kuwa jepesi na la kijivu, rudi kwenye kipande.

Anza na glasi, kisha vikombe, sahani, na masufuria mwisho. Usafishaji na usuuzaji uende kwa awamu: sugua vyombo kadhaa bomba likiwa limefungwa, ndipo usuuze vyote pamoja. Kipande chenyewe kisikae chini ya bomba wala ndani ya beseni la maji hata dakika moja.

Siku za kwanza mkono utatafuta chupa. Wiki ikipita hutaitafuta tena.

Mbona povu ni kidogo? Vyombo vinatakata kweli?

Povu na usafi ni vitu viwili. Sabuni nyingi za maji hutiwa viambato vya kuongeza povu kwa sababu watu hulipenda. Kipime chombo kwa kidole: kisuuze, pitisha kidole ndani. Kikilia, ni safi. Kikiteleza, bado kina mafuta au sabuni.

Hata hivyo, povu likikataa kabisa kutoka na maji yakabaki na vidonge vyeupe kama maziwa yaliyokatika, hayo ni maji magumu. Endelea na swali linalofuata.

Glasi zangu zinabaki na ukungu mweupe. Nifanye nini?

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu yake mara nyingi iko kwenye maji. Maji magumu yana kalisi na magnesi. Vikikutana na sabuni halisi, hushikana nayo na kutengeneza kitu kisichoyeyuka, ambacho hutua kwenye glasi na kwenye kingo za karo. Sabuni iliyoshikwa hivyo haioshi tena, ndiyo maana povu nalo hupotea.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuyalainisha maji ya kuoshea kwa kijiko kidogo cha magadi soda kabla sabuni haijaingia. Vaa glavu, maana yanakausha ngozi. Ya pili ni kusuuza mara ya mwisho kwa maji yenye siki kidogo, vijiko viwili vikubwa kwenye beseni. Siki huyeyusha ule ukungu. Ya tatu, ikiwa maji yako ni magumu sana, ni kuhamia kwenye kipande cha visafishi, ambacho hakifungamani na kalisi namna hiyo (tazama swali la lebo).

Tahadhari moja: siki isikutane na sabuni kabla hujamaliza kuosha. Siki ni asidi, na asidi huivunja sabuni halisi ikarudi kuwa mafuta. Utajikuta unapaka sahani ulichokuwa unakiondoa.

Sufuria lina mafuta mengi au ukoko. Sabuni hii inaweza?

Inaweza, ukiipa joto na muda. Pangusa mafuta, mimina maji ya moto, kwangua vipande vichache vya sabuni kwa kisu viangukie humo, acha robo saa, kisha sugua. Kwa ukoko uliogandamana, chemsha maji yenye magadi soda ndani ya sufuria dakika chache kwanza, isipokuwa kama ni la aluminiamu (tazama swali lake hapa chini).

## Kuitunza

Kipande changu kinageuka uji chini. Nakosea wapi?

Unakilaza kwenye maji. Hakuna kosa linalopoteza sabuni nyingi kuliko hili, na naliona kila nyumba ninayoulizwa.

Kipande kikikaa juu ya kisahani bapa, tone la maji hubaki chini yake. Kesho upande ule umekuwa laini, keshokutwa ni ute unaonasa kwenye kisahani, na kila ukikinyanyua unaacha sabuni ambayo haijaosha kitu. Nilianza hivyo hivyo. Kipande kilipungua upesi huku upande wa juu ukiwa bado na maandishi ya mtengenezaji, na nikadhani sabuni ni mbaya.

Dawa yake ni hewa. Kiweke juu ya kitu kinachopitisha maji na hewa chini: kibao chenye mifereji, wavu mdogo wa chuma, au hata kipande cha dodoki kavu, ambacho hunyonya sabuni inayochuruzika nawe ukaosha nacho baadaye. Kisogeze mbali na bomba, nje ya mrusho wa matone. Kisimamishe kwa ubavu usiku. Na kama nyumba ina watu wengi na vyombo havikauki, uwe na vipande viwili: leo kimoja, kesho kingine. Kipande kilichokauka vizuri ukikigonga kwa ukucha hutoa mlio mkavu, kama kibao. Kikitoa mlio mzito, bado kina maji.

Sabuni inayoguswa na kila mtu haibebi vijidudu?

Juu yake vinaweza kuwepo. Swali ni kama vinahamia kwako. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1988, watafiti walipaka vipande vya sabuni bakteria kwa makusudi, watu wakanawa navyo kama kawaida, na mikononi mwao baadaye hawakukuta kiasi cha kupimika cha bakteria hao. Bakteria huondoka na povu na maji. Kuwa na wasiwasi zaidi na sponji lililolowa siku tatu kuliko kipande kikavu.

Kitadumu muda gani?

Inategemea ukubwa wake, ugumu wa maji, na kuliko yote, kama kinakauka. Andika tarehe kwenye ile karatasi ya kabatini siku unapokianza, utalinganisha na chupa bila kubahatisha.

Vipande vidogo vya mwisho nivifanyeje?

Lowesha kipande kizee na kipya, vigandamize pamoja, viache usiku kucha. Vitashikana. Visiposhikana, vitie kwenye kifuko cha kitambaa cha pamba chenye kamba, ukisugulie hicho.

## Sponji, brashi na dodoki

Nikibadili sabuni nikabaki na sponji langu, nimefanya kitu?

Umefanya, lakini sponji la kawaida nalo ni plastiki. Upande laini ni povu la poliurethani, upande mkwaruzo ni nyuzi za nailoni au poliesta, na kadiri linavyochakaa ndivyo vipande vyake vinavyoingia kwenye maji. Likiisha, chukua dodoki. Ni tunda la mmea unaotambaa, limekaushwa likabaki nyuzi tupu. Likilowa hulainika kiasi cha kutosha glasi, na likichakaa huoza kama jani. Brashi ya mbao yenye nyuzi za mmea au makumbi ya nazi hufaa kwa masufuria. Vyote hivi, kama sabuni, vitundikwe vikauke.

## Hali za pekee

Naweza kuitumia kwenye mashine ya kuoshea vyombo?

Hapana, hata kipande kidogo. Mashine hutaka dawa isiyotoa povu. Kwa mashine tafuta unga uliofungwa kwenye boksi la karatasi. Vidonge vilivyovikwa utando unaoyeyuka havina taka ya kuonekana, ila utando huo ni polima ya kutengenezwa, na kuyeyuka kwake si sawa na kuoza.

Sufuria langu la aluminiamu limekuwa jeusi.

Sabuni halisi ina ualkali, na magadi soda zaidi. Aluminiamu haiupendi. Osha, suuza na ukaushe papo hapo. Usiloweke humo usiku kucha na usichemshe magadi. Weusi uliokwisha kutokea hupungua ukichemsha ndani yake maji yenye limau au siki kidogo.

Mikono yangu inakauka na kupasuka.

Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 5, na sabuni halisi hufika 9 hadi 10. Tumia brashi yenye mpini ili mkono usiguse povu, vaa glavu za mpira wa asili, au hamia kwenye kipande cha visafishi chenye pH ya chini. Ngozi iliyokwisha kupasuka na kutoa maji ipelekwe kwa daktari.

Naweza kuikwangua, niichanganye na maji, niwe na sabuni ya maji yangu?

Wengi hujaribu. Kinachotoka kwa kawaida ni mlenda unaoganda ukipoa, na kwa kuwa hauna kihifadhi, huharibika. Wenye viwanda hutengeneza sabuni ya maji kwa hidroksidi ya potasiamu badala ya kostiki soda. Ukitaka kujaribu, tengeneza kiasi cha kuosha mara moja. Zaidi ya hapo umerudi kwenye chupa.

Kujaza upya chupa ile ile si sawa na kununua kipande?

Ni njia nzuri, na mwenye sehemu ya kujazia karibu asiiache kwa ajili yangu. Uliza tu sabuni inafikaje pale: madumu yanarudishwa yakajazwa, au yanatupwa? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua.

Nataka kutengeneza mwenyewe. Nianzie wapi?

Kwenye usalama. Kostiki soda huchoma ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye hewa, weka watoto mbali, usitumie chombo cha aluminiamu, na daima mimina kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kisha subiri: wiki nne hadi sita kipande kikae hewani kikomae.

Wenzangu nyumbani hawaitaki. Wanasema ni kurudi nyuma.

Usiwafiche chupa. Weka kipande kikavu na brashi yake upande mmoja wa karo, chupa upande wa pili, na wewe uoshe kwa kipande. Mtu akiuliza, mpe glasi uliyoiosha apitishe kidole. Chupa ikiisha, msinunue nyingine kabla ya kuzungumza.